Madoa meupe kooni bado si jibu

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu aliandika kwamba mzazi akiona madoa meupe kwenye mafindofindo ya mtoto asipoteze muda, akanunue antibayotiki. Nami niliamini hivyo hadi binti yangu wa miaka 9 alipougua mara ya nne.

Mara tatu za mwanzo hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Nilisema "tonsesi", wakaandika tonsesi, tukapewa dawa. Mara ya nne tulimkuta tabibu mmoja, mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Aliuliza kwanza: anakohoa? Ana mafua? Sauti imekauka? Vyote alikuwa navyo. Akamulika tochi, nami nikachungulia: mafindofindo mekundu, yamevimba, yana utando mweupe. Akapapasa shingo chini ya taya kutafuta tezi zinazouma. Hazikuuma. Joto lilikuwa 37.8.

"Utando huu hata virusi huuleta," alisema. Bakteria anayewindwa, streptokokasi, mara nyingi huja ghafla, na homa inayopita 38, tezi za mbele ya shingo zinazouma, wala kikohozi hakuna. Hata dalili hizo zikikutana zote, bado unabahatisha mpaka upime. Akapitisha kijiti cha pamba juu ya mafindofindo yote mawili (binti nusura atapike), na baada ya dakika chache kipimo kikaonyesha hakuna bakteria huyo. Tulirudi na dawa ya maumivu tu, akapona.

Mdogo wake wa miaka 6 ndiye alinichanganya. Alilia tumbo, akatapika, koo hakulitaja kabisa. Nilishamnunulia dawa ya minyoo! Kwake kipimo kilionyesha bakteria yupo. Alimeza antibayotiki siku 10 kamili, kwa kuwa streptokokasi asipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Asiyeweza kupanua mdomo, anayechuruzika mate kwa kushindwa kumeza, au anayeongea kama ana kitu cha moto kinywani, huyo huenda ana jipu kando ya findo. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Msomaji yule anasema mwanawe amemaliza dozi sita mwaka huu. Ningependa atuambie ni mara ngapi kati ya hizo mtoto aliambiwa aseme "aaa".

Baba wa watoto wawili