Barua kwa mwanangu: ile posa ya Shimoni

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila goti la bibi yako ndilo lile lile.

Shangazi yako kanitangulia kukuhadithia habari ya posa yangu, nawe umeniandikia kuuliza kama ni kweli, basi wacha nikumalizie mimi. Ni kweli. Nilikuwa niozwe Shimoni, kule pwani ya Kenya, nami nina miaka 13.

Unajua maandamano ya wapinzani hapa Zanzibar, ya tarehe 27 Januari 2001, yalivyoishia kwa risasi. Tukavuka usiku kwa mashua kwenda Kenya, kama walivyovuka wengine zaidi ya 2,000. Haikuwa vita kama hii ya Sudan unayoitazama kwenye simu, lakini mzazi akishaogopa hapimi ukubwa wa vita. Tulilala watu tisa chini ya turubai moja, choo kiko mbali, na usiku wanaume tusiowajua wakipitapita. Wiki ya pili ikaja posa: mtu mzima, ana nyumba ya mawe na mashua mbili. Babu yako akaitika.

Usimwone katili. Alikuwa na neno moja tu mdomoni: sitara, yaani nisitirike, nisije nikaaibika.

Anayeteka wasichana ni rahisi kumhukumu. Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa Uganda waliokuwa wakiteka watoto, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021, na ndoa za kulazimisha zilikuwamo katika makosa yake. Hata kwetu, mwaka 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali pale Unguja; wazee hadi leo wakilitaja hilo hushusha sauti. Lakini mwenye nguvu siye peke yake aozaye. Miongoni mwa wakimbizi wa Syria walioko Jordan, ndoa za wasichana wasiofika miaka 18 zilikuwa kama 12 katika kila ndoa 100 zilizosajiliwa mwaka 2011. Kufika 2014 zilikuwa 32. Nikizisoma hesabu hizo namwona babu yako kakaa juu ya dumu la maji, kajishika kichwa.

Bibi yako hakumhubiria. Alimwuliza, "Unaogopa nini hasa?" Akataja: usiku, chakula, maneno ya watu.

Basi bibi akaanza na usiku. Akaenda kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mwanamke wa pale pale Shimoni, akamwomba chumba; tukalala kwake wasichana sita, mlango una komeo. Chooni tukawa tunakwenda wawili wawili na mama mmoja nyuma. Chakula, akakaanga kaimati akauza. Kaimati zenyewe zilikuwa ngumu kama kokoto, lakini ziliuzika. Maneno ya watu hakuyatafutia dawa, akayaacha yaseme.

Babu alipong'ang'ania bado, akamwambia, "Turubai hili tutalikunja siku moja, Bwana. Ndoa ya mtoto huyu tutaikunjaje?"

Posa ikarudishwa. Mwaka haukwisha, tukarudi Wete, nikaingia darasani na sare ya kuazima iliyonipwaya mabegani.

Umeniuliza kama nina kinyongo na babu. Hilo sitalijibu kwa barua. Utakuja Idi, mwulize yeye mwenyewe ilikuwaje. Nimekwishamwambia kwamba utamwuliza, naye hakusema neno, ila tangu jana anauliza boti yako inafika siku gani.

Mama yako