Tathmini ya afya ya jamii ianze na uamuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu tathmini za afya ya jamii zinazofanywa katika halmashauri zetu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba na madodoso marefu, wananchi hujibu kwa uvumilivu, lakini ripoti inapofika mezani kwa Mganga Mkuu wa Wilaya haimwambii afanye lipi ambalo hakulifanya mwaka jana. Kasoro, kwa maoni yangu, ni kwamba takwimu hukusanywa kabla ya mtu yeyote kuuliza ni uamuzi gani unaozisubiri.

Tuchukue Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Kibosho na Marangu ziko juu mlimani, baridi huko huwapunguza mbu, na vijana wengi wamehamia mijini wakawaachia wazee migomba, hivyo shinikizo la damu na kisukari ndivyo vya kuhangaikiwa zaidi. Mabogini na Kahe ziko tambarare, kwenye joto na umwagiliaji, na pembeni mwa majaruba ya mpunga malaria bado ina makao. Ukizichanganya kata hizo ukatoa wastani mmoja wa wilaya, unapata wilaya ambayo haipo popote, na anayeagiza dawa kwa kuutegemea wastani huo atakosea juu na chini.

Linalosikitisha ni kwamba taarifa za kuzitenganisha kata hizo tunazo. Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, anamoandikwa kila mgonjwa wa nje, kina safu ya mahali anapoishi, na muuguzi huijaza kwa mkono hata foleni ikiwa imefika barazani. Mwisho wa mwezi, takwimu zinapojumlishwa ili ziingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, huhesabiwa ugonjwa, umri na jinsi. Jina la kitongoji hubaki kitabuni, na kitabu hurudi kabatini. Kabla ya kuchapa dodoso jingine, ningependa halmashauri ihesabu kwanza safu hiyo moja.

Ni kweli kwamba kitabu hakimjui asiyefika zahanati, na hapo ndipo kupita nyumba kwa nyumba kunapokuwa na maana. Mkoa wetu una mfano mzuri. Kuanzia mwaka 1992 uliendeshwa mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima katika Wilaya ya Hai hapa mkoani, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam, ambapo ndugu wa marehemu waliulizwa dalili alizokuwa nazo, kisha madaktari wakakadiria chanzo cha kifo. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba kiharusi kilikuwa kikiua watu wazima wengi, wakiwemo wa vijijini, jambo ambalo rejista za hospitali peke yake zisingelionyesha kwa sababu wengi walifia nyumbani. Waliuliza swali moja wakalifuatilia kwa miaka.

Lipo pia suala la wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo, hivyo tathmini inayokamilika Mei ni kumbukumbu tu. Tena, tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vimekuwa vikipelekewa fedha moja kwa moja, kwa hiyo kamati ya zahanati ingefaidika zaidi na ukurasa mmoja unaoeleza vijiji vyake kuliko juzuu zima la wilaya.

Marekani, sheria ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zisizo za kibiashara kufanya tathmini ya namna hii kila baada ya miaka 3, kuiweka hadharani, na kupitisha mkakati wa kuitekeleza. Mazingira yetu ni mengine kabisa, lakini sharti hilo la mwisho lingetufaa.

Naziomba Bodi za Afya za Halmashauri zisipokee ripoti isiyotaja kijiji, hatua ya kuchukuliwa, mhusika na fungu la bajeti litakalotumika. Ikishapokelewa, isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3, mbele ya wananchi walewale waliojibu dodoso.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi