Ile winchi uliyoiona Gamboa

Mwanangu Salim,

Sisi huku Mombasa hatujambo, na babako anakusalimu. Picha za Mfereji wa Panama nimeziona zote, lakini iliyonishika ni ile ya Gamboa, ya winchi kubwa inayoelea. Umeandika chini yake neno moja tu: Titan. Unanijua mamako. Ukarani wa shehena ulinizoesha kutotosheka na jina lililopakwa ubavuni, kwa maana chombo kikiuzwa jina ndilo la kwanza kubadilishwa. Nikaifuatilia mpaka nikaujua ujana wake.

Iliundwa Ujerumani mwaka 1941 na kampuni ya Demag, kwa ajili ya jeshi la majini la Hitler. Zilikuwa nne za aina hiyo, na hii ina nguvu ya kuinua tani 350. Vita vilipokwisha, washindi waligawana zilizosalia: Warusi moja, Waingereza moja, Wamarekani moja. Ile ya Waingereza haikufika. Ilipinduka ikazama ilipokuwa ikikokotwa kuvuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Wewe baharia huhitaji kuelezwa sana. Chombo kama kile kimeundwa kitulie bandarini, na juu yake kumesimama mnara wa chuma ambao mkono wake ukiinuliwa unafika mita 112 hivi. Uzito wote huo uko juu. Mawimbi yakikipata ubavuni, hakirudi.

Wamarekani waliifungua yao vipande vipande, wakaipakia na kuivusha bahari hadi California, kisha wakaiunga upya katika karakana ya jeshi la majini ya Long Beach. Huko ikaandikishwa YD-171, lakini wafanyakazi walimwita Herman Mjerumani. Nimelipenda jina hilo. Ni watu wa kazi tu wanaoweza kukipa chombo cha adui jina la mtu wa nyumbani. Huko ikafanya kazi karibu miaka hamsini.

Siku yake iliyosifiwa zaidi ilikuwa Februari 1982. Pale Long Beach palikuwa na ndege ya Howard Hughes, tajiri wa Kimarekani, iitwayo H-4 Hercules, iliyoundwa kwa mbao ili ibebe askari wa vita hivyo hivyo vya pili. Mabawa yake yana upana wa karibu mita 98, na iliruka mara moja tu, Novemba 1947, mwendo wa maili moja hivi. Kwa miaka mingi ilifichwa bandani. Walipotaka kuihamisha ili watu waione, winchi ya Wajerumani ndiyo iliyoinyanyua. Fikiria, mwanangu: vyombo viwili vilivyoundwa kwa ajili ya vita vilevile, kila kimoja upande wake, kimoja kinamnyanyua mwenziwe polepole asivunjike.

Mwaka 1996 ikapelekwa Panama, na mwaka uliofuata ile karakana ya Long Beach ikafungwa. Kazi yake huko mfereji unaitegemea hasa: kung'oa malango ya chuma ya vile vyumba vya maji mlivyopandia na kushukia, ili yakarabatiwe. Malango makubwa yana uzito unaozidi tani 600. Yameundwa matupu ndani, hivyo maji yenyewe huwapunguzia mzigo.

Na si ya kwanza ya Wajerumani pale. Mfereji ulipokuwa ukimaliziwa, Wamarekani waliagiza winchi mbili za kuelea kutoka Ujerumani, Ajax na Hercules, za tani 250 kila moja. Tena chombo cha kwanza kuuvuka mfereji wote kwa nguvu zake chenyewe, tarehe 7 Januari 1914, kilikuwa boti kuukuu ya winchi iliyoachwa na Wafaransa, Alexandre La Valley. Sherehe ya kuufungua mfereji ikaja Agosti, wakapewa heshima watu wa Ancon, meli iliyovuka siku hiyo. Hilo limenikera, nakwambia kweli. Babu yako alikuwa kuli Kilindini, alibeba magunia ya kahawa mpaka mgongo ukapinda, na siku za sherehe yeye na wenzake hawakuwa kwenye picha.

Ndiyo maana nakuandikia. Tani nimezipata, miaka nimeipata, hata hesabu za mabawa. Sijakutana na jina la dereva hata mmoja, wa Long Beach wala wa Gamboa, na mkono ule hauinuki bila mtu.

Mkipita tena, rubani wa mfereji akipanda, mwulize nani anaiendesha Titan siku hizi, na nani alimfundisha. Andika majina kamili, na vijiji vyao ikiwezekana. Pia piga picha ya karibu, nione kama pana bamba la kiwanda lililobaki na maandishi ya Kijerumani.

Kula vizuri, na usisahau kumpigia dadako.

Mamako