Jocelyn Bell alistahili Nobeli

Ndugu Mhariri,

Binti yangu wa kidato cha pili aliniuliza kama kuna mwanamke aliyegundua nyota. Nikamsimulia habari za Jocelyn Bell Burnell wa Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi Cambridge, alikagua kwa macho karibu mita 30 za karatasi kila siku, michoro ya wino kutoka kwenye darubini ya redio aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake. Akaona alama ndogo ya ajabu. Hakuipuuza. Ilikuwa palsa, nyota inayotuma mapigo kila sekunde 1.3.

Nobeli ya 1974 wakapewa wanaume wawili, msimamizi wake akiwemo. Inaniuma hadi leo! Mwaka 2018 alitunukiwa dola milioni 3. Zote akazitoa zisomeshe wanafizikia kutoka makundi yaliyoachwa nyuma.

Mzazi,
Morogoro