Punda tunayempiga fimbo na chembe za farasi

Ndugu mhariri, salaam. Kuna msomaji wenu wiki iliyopita kawachamba wanasayansi eti wamekosa kazi mpaka wanaotesha damu ya farasi kwenye visahani. Nikacheka, alafu nikakasirika, maana mi ndo nafanya hiyo kazi, fundi wa maabara tu sio daktari, niko Marekani mwaka wa sita sasa.

Ajue kwanza farasi ana ugonjwa wake wa kuishiwa damu na kirusi chake ni ukoo mmoja na HIV, kinakaa humohumo kwenye kinga ya mwili, kwenye zile chembe (seli) kubwa zinazomeza uchafu, makrofeji. Mjapani Kobayashi alikiotesha kwenye chembe nyeupe za farasi 1961, HIV yenyewe imekuja kugunduliwa 1983. Wachina wa Harbin nao wakakipitisha kwenye chembe za punda zaidi ya mara 100 mpaka kikapoa makali wakapata chanjo, miaka ya 70 hiyo. Punda huyuhuyu tunayempiga fimbo!

Ataniuliza si utumie chembe za ngozi, zinakua kirahisi. Kirusi kikizizoea kinabadilika, ukikirudisha kwa farasi mara nyingi hata hakimuumizi, sasa hapo umesoma nini?

Kazi yenyewe ndo hii, asubuhi farasi anapewa karoti tunachukua damu shingoni, ya mtu ungesubiri weee lakini ya farasi ndani ya nusu saa nyekundu imeshazama chini, juu maji ya njano yenye chembe nyeupe, unachota hayo unazungusha kwenye mashine unamimina kwenye kisahani cha plastiki, unakiweka kwenye inkubeta, kabati la kutunza joto, nyuzi 37. Kesho yake unaosha, zilizong'ang'ania plastiki ndo makrofeji zenyewe ila bado changa, kirusi hakizaliani vizuri humo mpaka zikomae siku kadhaa zitanuke kama mayai ya kukaanga. Siku ya tano ukungu ukiingia unatupa zote, unarudi kwa farasi na karoti.

Na farasi wengi wakishapigwa na homa za kuja na kuondoka, kama mwaka hivi, kinga yao inakibana kirusi bila dawa yoyote, japo wanabaki nacho maisha. Binadamu wenye HIV wanaoweza hivyo ni wachache mno. Inakuwaje? Ndo tunachotafuta.

Akiwa na swali zaidi aandike kupitia kwenu nitamjibu, ila sio leo jioni, nina kisahani kimefika siku ya tano.

Fundi wa maabara, Marekani