Mita 60 hazihitaji uwanja mkubwa

Mhariri,

Naandika kuhusu mbio za mita 60 za wanaume katika mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi. Mwaka 2024 kule Glasgow, Mmarekani Christian Coleman alishinda kwa sekunde 6.41. Kwa umbali huo, ukichelewa kuchomoka umekwisha. Sisi Wakenya tumezoea kusifia mbio ndefu, ilhali mwenzetu Ferdinand Omanyala alishakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021.

Hapa Malindi wavulana huchimba mchanga wa ufuoni kwa visigino wapate pa kukanyagia wakianza. Wimbi likija, wanachimba upya. Ukumbi hatuna, wala sidai tujengewe leo. Mita 60 zapatikana hata katika kiwanja cha shule. Serikali ya Kaunti ya Kilifi itununulie vibao vya kuanzia, na imwajiri kocha mmoja wa mbio fupi.

Msomaji wako,
Malindi