Shida si vifaa vingi, ni fundi wa haraka

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mwaka wa 2021 Nakuru ilipofanywa jiji na nyinyi mkashangilia na barabara ya kwetu ikabaki na mashimo yake nilinyamaza tu. Lakini ile taarifa yenu ya juzi ya intaneti ya nyumbani, iliyosema familia zinajiletea shida kwa kuunganisha vifaa vingi na eti dawa ni kupanda kifurushi, hiyo imenishinda.

Kwani mwandishi wenu aliongea na nani kando na kampuni? Mimi nakaa Naka na nyumba yangu inatumia waya, si waifai peke yake. Kebo moja ya tivi, moja ya kompyuta ya binti yangu anayefanya kazi za mtandaoni, moja ya PlayStation ya kijana, na printa. Hivyo tu. Hata swichi, kile kisanduku cha kugawanyia waya za intaneti, ile ndogo kabisa ya dukani ina matundu matano, sasa hivyo vingi ni vipi?

Kampuni siitaji jina, lakini wakisoma watajijua. Walituma fundi aongeze ruta ya pili huko chumba cha nyuma, akachomeka waya kutoka ruta ya kwanza mpaka ya pili, akatoa simu yake akasimama hapo hapo karibu na ruta akafungua video ikacheza, akaniambia mama iko sawa, akapanda boda akaenda. Tangu hapo nyumba ikawa vituko. Leo tivi inashika lakini kompyuta ya binti haina kitu, kesho kompyuta inashika tivi inazunguka tu, na taa zote ni kijani, ile nyekundu ya fiba haiwaki. Ukipiga simu unaekewa muziki mpaka masikio yachoke, halafu unaambiwa zima ruta, ngoja kidogo, washa. Nazima nawasha na kweli inashika, jioni tumerudi pale pale. Siku ingine wakasema waya ni mrefu, mrefu wapi jameni, kebo hii inafanya kazi mpaka mita 100 na nyumba yangu ukitoka jikoni kwenda kulala hujamaliza hata mita 20! Halafu mwisho ndio ule wimbo wenu, mama una vifaa vingi, ongeza pesa. Na binti wakati huo mteja wake anamuuliza kazi iko wapi.

Aliyetusaidia ni kijana wa jirani anayefunga kamera za CCTV hapa mjini, na hakuzima kitu chochote. Aliangalia namba za anwani, zile ruta inapatia kila kifaa ili kijulikane kwenye mtandao, kwenye tivi na kwenye kompyuta. Yenye intaneti ilikuwa inaanza na 192.168.1, isiyo nayo 192.168.0. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, kifaa kinachukua kwa ile imejibu haraka, na ikiwa ni ya pili kinatumwa kutafuta intaneti kwa ruta ambayo yenyewe haina njia ya kutoka nje. Ndio maana kuzima na kuwasha kulikuwa kunasaidia saa ingine, ni bahati nasibu tu! Akaifungia ya pili kugawa anwani, akaipatia namba yake kwenye safu ya ile ya kwanza, akaniambia pia nikiona anwani inaanza na 169.254 nijue hakuna ruta imejibu kabisa, hapo ndio niangalie waya na vichwa vyake. Chai yangu haikuwa imepoa. Na hiyo ndiyo walitaka nilipie kifurushi cha juu!

Mtaniambia basi mama hama kampuni. Nihame niende wapi? Waya za kampuni ingine ziko kwa mlingoti nje ya dirisha langu, naweza kuzianikia nguo, lakini keateka anasema ploti hii ni kampuni moja tu inaruhusiwa, landilodi ameshaelewana nao. Walielewana nini na mimi ndio nalipa? Hiyo ndiyo mngeandika, hata Mamlaka ya Mawasiliano ikaisoma huko Nairobi.

Mimi ninachotaka ni kidogo. Fundi asitoke kwa nyumba ya mtu mpaka kila kifaa cha waya kiwashwe pamoja, si simu yake, akae kwa kiti aangalie vyote vinafungua, halafu aandike kwa karatasi ya gundi ni ruta gani inagawa anwani na aibandike juu ya ruta na jina lake chini. Asiyetaka kuandika jina, apewe zamu ya kupokea simu usiku wa fainali ya Champions League.

Na mwandishi wenu akipita Naka karibu sana, lakini aje na kebo yake, ya akiba yangu fundi aliondoka nayo.

Mama wa Naka, Nakuru